UZI: Mashada ya maua yasiyo na majina. Mataifa yanavyotumia kumbukumbu za vita mezani, na sisi wa Nairobi tumesimama wapi?

Mjukuu wa Kariokor (mleta uzi)

Wakuu, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kifuani miaka mingi.

Kila asubuhi nikishuka matatu mjini hupita Kenyatta Avenue, mbele ya ile sanamu ya watu watatu wa shaba. Ilizinduliwa 1928. Mmoja ni askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wa pili ni mpagazi, wa tatu ni Mwarabu mwenye bunduki. Chini yao kuna maneno kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, mwandishi wa Kiingereza. Yanawasifu wapagazi kwamba walikuwa mikono na miguu ya jeshi, kisha yanafunga kwa ahadi: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Izungukeni sanamu hiyo pande zote mtafute jina la mpagazi. Hamna hata moja.

Baba yake nyanya yangu alikuwa mpagazi. Alichukuliwa Murang'a mwaka 1917, wakati watu walipokusanywa kwa nguvu chini ya John Ainsworth. Nyanya alikuwa bado tumboni. Mzee hakurudi. Mama yake nyanya alingoja hadi uzeeni, kwa sababu hakuna aliyekuja kumwambia mumewe amefia Rufiji, au Dodoma, au njiani tu chini ya mzigo. Nyanya alipojifungua mwanawe wa pili, ambaye ndiye baba yangu, alimpa jina la baba yake kama desturi yetu inavyotaka. Nami kifungua mimba wangu nikampa jina la baba yangu. Kwa hiyo jina lipo, linakwenda shule kila siku na mkoba mgongoni. Ahadi ya kwenye jiwe tumeitimiza sisi nyumbani. Serikali iliyoiandika haikuitimiza.

Katika vita vile, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia huku Afrika Mashariki, upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao 1,000,000. Vifo vilivyoandikwa ni karibu 95,000, na wengi waliondolewa na kuhara, malaria na njaa, si risasi. Wanaotoka Kariokor mnajua jina la mtaa limetoka wapi: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Tunanunua vyondo na kula nyama choma juu ya jina la watu ambao hatujui walizikwa wapi.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, alisimama bungeni London akaomba radhi. Niliisoma habari hiyo nikiwa kwenye foleni ya benki, nikatoka nje kwanza nivute pumzi.

Sasa hoja yangu ni hii. Kumbukumbu ya vita ni mtaji mezani pa mataifa. Nchi zinazolijua hilo huishika kama mkulima anavyoshika hati ya shamba lake. Ukija na hati iliyoandikwa jina, lazima mwenzako akusikilize. Ukija na hati isiyo na jina utapewa pole, utapewa chai, utapewa shada la maua, halafu utasindikizwa mlangoni.

Tazameni wengine. Desemba 1970 Willy Brandt, Kansela wa Ujerumani Magharibi, alipiga magoti Warsaw mbele ya mnara wa Wayahudi walioasi katika ghetto. Hakusema neno, lakini siku hiyohiyo alikuwa amekwenda kutia saini mkataba na Poland uliotambua mpaka wa magharibi wa nchi hiyo. Magoti na saini vilikwenda pamoja. Mwaka 1984 Kohl na Mitterrand walishikana mikono Verdun, mahali ambapo wanajeshi wa nchi zao walikuwa wameuana. Na Juni 2014 ndipo paliponishangaza zaidi: Ufaransa iliwaalika viongozi kuadhimisha miaka 70 ya wanajeshi kushuka pwani ya Normandy. Putin alikuja, Poroshenko wa Ukraine alikuja, wakakutanishwa kandokando ya sherehe pamoja na Merkel na Hollande. Mazungumzo yale ya nchi nne juu ya vita vya mashariki mwa Ukraine yaliitwa Normandy kwa miaka mingi baadaye. Sherehe ya wafu ikawa mlango wa kuwaingiza walio hai chumba kimoja. Miaka kumi baadaye, 2024, Urusi haikualikwa, na Zelensky akawa ndiye mgeni. Hata kutokualikwa ni ujumbe.

Urusi nayo ina siku yake, Mei 9, ya ushindi dhidi ya Ujerumani ya Hitler katika Vita vya Pili. Umoja wa Kisovieti ulipoteza watu wapatao milioni 27, na hakuna anayeweza kuipuuza idadi hiyo. Mei 2025, miaka 80 baada ya vita, Xi Jinping alikuwa jukwaani Moscow, na Ibrahim Traoré wa Burkina Faso, na Sisi wa Misri. Lakini wale milioni 27 walikuwa Warusi, Waukraine, Wabelarusi, Wakazaki, na wengine wengi. Anayelishika jukwaa ndiye anayeamua wafu wale wahesabiwe ni wa nani. Ukraine imeliona hilo, ikahamishia ukumbusho wake Mei 8 pamoja na nchi za magharibi mwa Ulaya.

Niseme na Gaddafi. Juni 2009 alishuka kwenye ndege Roma akiwa amebandika kifuani picha ya Omar al-Mukhtar, aliyewaongoza Walibya kupigana na ukoloni wa Italia, akiwa amefungwa pingu mbele ya maofisa wa Italia. Al-Mukhtar alinyongwa 1931. Mwaka mmoja kabla ya ziara hiyo Italia ilikuwa imekubali kuilipa Libya dola bilioni 5 kwa ajili ya ukoloni wake. Mengi ya Gaddafi siyaungi mkono hata kidogo. Ila lile alilifanya sawasawa: alikwenda na uso wa mtu mmoja, mwenye jina, na wenyeji wake wakalazimika kuutazama.

Sasa turudi kwetu. Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles aliweka shada Uhuru Gardens, kwenye Kaburi la Shujaa Asiyejulikana. Usiku ule Ikulu akasema ukatili waliotendewa Wakenya wakipigania uhuru ulikuwa wa kuchukiza na hauna udhuru. Akataja masikitiko na majuto. Radhi hakuomba. Kesho yake, Novemba 1, akaenda makaburi ya Kariokor, akawakabidhi medali wazee waliopigana Vita vya Pili. Siku hiyohiyo, Novemba 1, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, Tanzania, akiinamisha kichwa na kuomba msamaha kwa mauaji ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, ambako inakadiriwa walikufa hadi watu 300,000.

Nchi mbili jirani, wageni wawili, siku moja. Huku tukapewa masikitiko, kule wakapewa msamaha. Tofauti hiyo imetoka wapi? Nimefikiri sana, na jibu ninalolipata ni kwamba Songea walikuwa na jina la kumwonyesha mgeni: Chifu Songea Mbano, alinyongwa lini, alizikwa wapi, wajukuu wake hawa hapa. Sisi tulimpeleka mgeni kwa Shujaa Asiyejulikana.

Naomba michango yenu.

Mchumi wa Barabarani

Mleta uzi, umeandika vizuri, na pole kwa mzee wenu. Lakini naona unaipa kumbukumbu uzito usio nao. Mataifa huongozwa na maslahi. Nadhani Charles hakuomba radhi kwa sababu wanasheria waliona neno lile lingefungua mlango wa madai. Mwaka 2013 William Hague alisema bungeni kwamba serikali yake inasikitika kwa dhati juu ya mateso ya wakati wa Mau Mau, na papo hapo akasema haikubali dhima. Pauni milioni 19.9 zikagawanywa kwa watu 5,228, gharama za mawakili zikiwa ndani yake. Steinmeier naye aliomba msamaha lakini hakutaja pesa. Kwa hiyo mmoja alitoa pesa kidogo bila neno, mwingine akatoa neno bila pesa. Sasa nani aliyefaidika? Mimi naona tuzungumzie biashara na viza, wafu tuwaachie Mungu.

Mjukuu wa Kariokor

Mchumi, asante. Nakubali suala la wanasheria. Lakini tazama hiyo 2013 kwa karibu, maana inanisaidia mimi kuliko wewe.

Kesi ile haikufika popote hadi wazee wanne waliposimama mahakamani London kwa majina yao: Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara. Serikali ya Uingereza kwanza ilijitetea kwamba dhima ya ukoloni ilirithiwa na serikali ya Kenya. Kisha ikabainika kuna majalada yaliyosafirishwa kimyakimya kutoka Nairobi kabla ya uhuru na kufichwa Hanslope Park, ya Kenya peke yake karibu 1,500. Mle mlikuwa na barua, amri, na majina ya maofisa. Wazee wenye majina wakakutana na karatasi zenye majina, na serikali kubwa ikakaa chini kuzungumza. Kesi ya pili ya watu zaidi ya 40,000 ilikwama 2018, mahakama ikasema muda umepita. Ona basi kwamba kuchelewa nako kuna bei.

Na kuhusu biashara: Japan na Korea Kusini walitia saini mkataba 1965, Japan ikatoa dola milioni 300 za msaada na milioni 200 za mkopo, ikadhani mambo ya vita yamekwisha. Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya Korea ikaiamuru kampuni ya chuma ya Japan iwalipe wazee waliofanyishwa kazi ya kulazimishwa wakati wa vita. Julai 2019 Japan ikabana uuzaji wa kemikali zinazotengenezea vifaa vya kompyuta vya Korea, Wakorea wakaacha kununua bia na magari ya Kijapani. Wazee wachache waliodai haki ya jasho la ujana wao wakatikisa biashara ya mabilioni. Wewe unasema tuwaachie Mungu wafu ili tuzungumze biashara. Wakorea wangekuambia mambo hayo mawili hayakubali kutenganishwa.

Mngoni wa Mahenge Street

Shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Nairobi, kwetu ni Songea.

Mleta mada umetutaja kwa heshima, nakushukuru. Lakini usituone tumeshapata. Chifu Songea alinyongwa Februari 27, 1906, na wenzake zaidi ya 60, wengi wao wakazikwa kaburi la pamoja. Kila mwaka tarehe hiyo tunakumbuka. Sisi kwetu tumepokea toka kwa wazee kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Yule Rais alipokuja alizungumza na ukoo, akaahidi watajitahidi kutafuta. Wazee wangu waliokuwepo siku ile walilia, na si kwa sababu walipewa kitu. Walilia kwa sababu mtu mkubwa wa nchi ile alitamka jina la babu yao kwa sauti, mbele ya watu.

Lakini nikikuuliza wewe: msamaha umeombwa, je, kaburi limekamilika? Mwili uko pale, kichwa hakipo. Kwa hiyo nami naona neno lina thamani yake, ila lisiwe kifuniko cha chungu.

Na kuna jambo la Namibia msilisahau. Mei 2021 Ujerumani ilikubali kwamba yaliyowapata Waherero na Wanama 1904 hadi 1908 ni mauaji ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, ila ikasema hiyo si fidia, ni misaada ya maendeleo. Wajukuu wa waliouawa walikataa. Walisema mmekaa na serikali mkazungumza juu ya mababu zetu na sisi tuko nje. Nataka mleta mada ujibu hili: serikali ikipata hayo majina unayoyataka, nani atakaa mezani? Wewe au waziri?

Mwalimu wa Historia, Eastlands

Nafundisha somo hili kidato cha tatu, na mada hii huwa inaliamsha darasa lote.

Niongeze mbili. Ya kwanza ni Thiaroye, nje kidogo ya Dakar. Desemba 1, 1944, askari wa Kiafrika waliokuwa wametoka kuipigania Ufaransa, wengine wametoka kuwa mateka wa Wajerumani, walidai malipo yao. Jeshi la Ufaransa likawafyatulia risasi. Kwa miaka mingi Paris ikasema waliokufa ni 35, na kwamba walikuwa waasi. Novemba 2024, miaka 80 karibu inatimia, Macron akamwandikia Rais Faye wa Senegal barua akikiri kuwa yalikuwa mauaji ya halaiki. Siku zilezile Faye alikuwa anasema hadharani kwamba kambi za Ufaransa hazina nafasi katika nchi iliyo huru, na Julai 2025 wanajeshi wa mwisho waliondoka. Sisemi barua ndiyo iliyowaondoa. Lakini Senegal iliyaweka mambo hayo mawili juu ya meza moja, na hakuna aliyeshangaa.

Ya pili iko hapa kwetu, wengi hupita barabarani bila kujua. Mathari, Nyeri, kuna kanisa la Waitalia lenye mabaki ya wanajeshi wao 676, wengi wao waliokufa wakiwa mateka wa Waingereza nchini Kenya. Yupo pia Amedeo, Duke wa Aosta, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, aliyekufa akiwa mateka Nairobi Machi 3, 1942. Wameandikwa majina ukutani. Niliwapeleka wanafunzi wangu mwaka mmoja. Msichana mmoja akasoma majina yale kwa sauti, akachoka kabla hajafika mwisho, akaniuliza: Mwalimu, hawa walikuwa adui, na wameandikwa wote. Babu yetu yuko ukuta gani? Sikuwa na jibu la kumpa, na hadi leo nikifika kipengele hicho sauti hunikwama.

Binti Garissa

Asalaam aleikum. Nimesoma tangu juu. Mleta uzi, nakuheshimu, na maumivu ya nyanya yako nayaelewa. Ila kuna jambo hamjaligusa, na nisipolisema mimi sidhani kama kuna atakayelisema.

Mnaitaka Uingereza itoe majina ya 1917. Sawa. Ya Januari 15, 2016 je?

Siku ile kambi ya KDF, jeshi letu la Kenya, iliyokuwa El Adde, Somalia, ilivamiwa na Al-Shabaab. Januari 27 ikafanyika ibada ya kumbukumbu Eldoret. Rais Uhuru Kenyatta alikuwepo, Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alikuwepo, Rais Buhari wa Nigeria alikuwepo. Diplomasia ilifanyika pale, na vizuri sana, marais watatu wakasimama pamoja juu ya msiba. Lakini serikali yetu haikutangaza ni vijana wangapi waliokufa. Mama wa jirani yetu alizika jeneza asiloruhusiwa kulifungua. Wajane wenzake alikutana nao wenyewe kwa wenyewe, wakahesabiana kwa simu.

Na kuna Wagalla, Wajir, Februari 1984. Wanaume wetu walikusanywa uwanja wa ndege na jeshi la nchi yao wenyewe. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika mengi na kukabidhi ripoti yake Mei 2013. Imetekelezwa? Mama yangu mkubwa anajua siku aliyoingia eda, kaburi halijui.

Nchi inayoficha idadi ya wafu wake yenyewe itakwenda London na sura gani kudai majina? Watamwonyesha waziri wetu kioo tu, naye atanyamaza.

Mjukuu wa Kariokor

Wa aleikum salaam, dada. Nimesoma maneno yako jana usiku, nikaahirisha kujibu hadi leo, kwa sababu sikutaka kukujibu kwa haraka.

Umesema kweli na nimeguswa. Niliandika kana kwamba aliyesahau ni mmoja tu, Mwingereza. Nimekumbuka kitu sasa. Mara tu baada ya vita vile, serikali ya kikoloni ilianza kuwavisha wanaume kipande shingoni, chenye jina, kabila na alama za vidole. Kwa hiyo uwezo wa kuandika jina la Mwafrika ulikuwepo. Walimwandika aliye hai ili asitoroke kazini, na aliyekufa hawakumwandika. Na Wakenya tuliporithi ofisi zile, tukarithi na tabia ya kuona jina la mwananchi lina maana wakati wa kodi na wakati wa kura tu. Mau Mau wenyewe, hao tunaowatolea hotuba kila Oktoba 20, chama chao kilibaki haramu hadi 2003. Miaka 40 ya uhuru! Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wao, ilisimamishwa mjini Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Mnara wa waliouawa na kuteswa, ule wa Uhuru Park wa 2015, pesa zake zilitoka kwa Waingereza kama sehemu ya makubaliano. Hatukuujenga sisi.

Kwa hiyo ndugu Mngoni, swali lako la nani akae mezani, jibu langu limebadilika nikiwa katikati ya uzi huu. Waziri peke yake hapana. Wanamibia wamekwisha kutuonyesha kinachotokea. Wakae wenye wafu, waziri akae nao. Na orodha iwe moja: ya wapagazi wa 1917, ya waliozama na meli ya Khedive Ismail Februari 12, 1944, wakiwa wametoka Mombasa wakielekea kupigana na Wajapani, ya Burma, ya vizuizini wakati wa hali ya hatari, ya Wagalla, ya El Adde. Nchi ikiweza kuwasoma wote hao kwa sauti moja, hapo ikienda London, au Roma, au Moscow, itakuwa na la kusema.

Mchumi wa Barabarani

Sijabadili msimamo wangu wote, maslahi ndiyo yanayotangulia. Lakini hilo la wazee wa Korea sikulijua, na la wanne waliokwenda London nilikuwa nimelisahau. Nauliza kwa nia njema: kazi hiyo inafanywaje? Karatasi za 1917 zipo kweli?

Mwalimu wa Historia, Eastlands

Zipo kiasi. Mishahara ya wapagazi waliokufa ilibaki bila kudaiwa, kulikuwa na mabishano marefu kati ya Nairobi na London juu ya pesa hizo, na huwezi kubishania mshahara wa mtu bila kuwa na orodha yake mahali fulani. Nyingi zilipotea au kuteketezwa. Lakini Tume ya Makaburi imekuwa ikishirikiana na KDF kutafuta kumbukumbu za zamani, na Hifadhi ya Taifa pale Moi Avenue ina majalada ya wilaya. Yanataka mtu mwenye subira na anayejua lugha ya kwao, kwa sababu karani Mzungu aliandika jina la Kikamba au la Kijaluo kama alivyolisikia. Jina moja unaweza kulikuta limeandikwa namna tano. Hapo ndipo ukoo unapohitajika: wao ndio watakaosema huyu ni wetu.

Mjukuu wa Kariokor

Basi tufanye hivi. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, nitakuwa pale sokoni Kariokor, upande wa wauza vyondo. Mwenye simulizi ya nyumbani aje, au anitumie kwa faragha: alitoka kijiji gani, mwaka gani, chini ya chifu gani, aliitwa nani na nani alipewa jina lake. Msiandike majina hapa hadharani, kuna koo ambazo bado hazijafanya matanga na zisingependa. Dada wa Garissa, ukiruhusiwa na mama yako mkubwa, nitafurahi orodha ianze na ya kwenu.

Binti Garissa

Nitamuuliza. Akikubali nitakuja naye, macho yake hayaoni vizuri ila tarehe zote anazo.

Mngoni wa Mahenge Street

Nami nitakuja, japo wa kwetu walikuwa upande wa pili. Babu mmoja alibeba mizigo ya Wajerumani. Yeye pia hakurudi.

Mjukuu wa Kariokor

Njoo, ndugu. Mzigo ulikuwa mmoja.

Fundi wa Gikomba

Mimi huwa nasoma tu, leo ndiyo mara ya kwanza kuandika. Kwetu ni Kitui. Nyumbani kuna kibati cha shaba, kimetobolewa tundu, kilikuwa kikivaliwa shingoni. Baba alikiweka ndani ya kopo la kahawa pamoja na hati za shamba. Mzee aliyekivaa alirudi akiwa mgonjwa, akaishi wiki chache. Waliomjua wamekwisha wote, na jina lake hatuna uhakika nalo, shangazi wawili wanataja majina mawili tofauti. Kilichobaki ni namba iliyogongwa kwenye kibati. Inasomeka vizuri. Je, namba peke yake inatosha?

Mjukuu wa Kariokor

Inatosha kuanzia. Kilete, na kama shangazi wataweza kusafiri, walete wote wawili.